Kufundisha Habari za Vidonge vya Majira: Kipimo, Malalamiko na Ushahidi

Mada ya uzazi ni miongoni mwa mada ambazo walimu wanafunzi huzisogeza mbele kila wiki mpaka muhula unakwisha. Tumekwisha kuona maandalio ya somo yaliyokamilika vizuri kuhusu mimea, udongo na sumaku, kisha tukifika kwenye uzazi tunakuta mistari minne na mchoro usio na majina. Na ndani ya mada hiyo hakuna jambo linalokwepwa kuliko vidonge vya kuzuia mimba, ambavyo katika mazungumzo ya kila siku watu wengi huviita vidonge vya majira. Sababu inayotolewa ni aibu. Sisi tunadhani kwamba aibu ni sehemu ndogo tu. Mara nyingi mwalimu mwenyewe hajui vya kutosha, na hicho kidogo anachokijua amekipata kwa njia ile ile aliyokipata mama anayemuuliza, yaani kwa kusikia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mada hii inavyoweza kufundishwa chuoni kwa kufuata historia ya kidonge chenyewe. Hatuzungumzii somo la kuwafundisha watoto wa shule ya msingi matumizi ya vidonge. Watoto wa madarasa ya juu wanahitaji kuelewa hedhi na jinsi mimba inavyotungwa, na wanastahili jibu la kweli wanapouliza, hapo panatosha. Lakini mwalimu wa shule ya msingi, hasa wa kijijini, haulizwi na watoto peke yao. Huulizwa na wazazi baada ya mkutano wa shule, huulizwa na majirani, na pengine huulizwa na mwalimu mwenzake. Jibu lake huchukuliwa kuwa ni jibu la mtu aliyesoma. Mama anaweza kuacha vidonge siku hiyo hiyo, au kuendelea navyo huku ana dalili ya hatari, kwa sababu ya neno moja alilolisema mwalimu kwa kubahatisha.

Mahali pa kuanzia

Wakufunzi wengi huanza na majina ya homoni ubaoni. Hatuwashauri mfanye hivyo. Anzeni na swali ambalo darasa zima linaweza kulijibu: kwa nini mwanamke mwenye mimba hapati mimba nyingine juu ya ile aliyo nayo? Wanachuo watatoa majibu mengi, na mengine yatakuwa ya kuchekesha, yaandikeni yote. Hilo ndilo swali lililomshughulisha daktari Ludwig Haberlandt wa Innsbruck, Austria. Katika mwaka 1921 alichukua ovari za sungura wenye mimba akazipandikiza katika miili ya sungura wengine, na sungura hao wakakaa kwa muda bila kuweza kushika mimba. Ikadhihirika kwamba ovari ya mwenye mimba hutoa kitu fulani kinachozuia mayai mengine yasikomae. Haberlandt alikufa mwaka 1932, miaka miwili kabla ya kitu hicho, ambacho tunakiita projesteroni, kutengwa na kujulikana barabara.

Baada ya hapo ndipo mwalimu aeleze utaratibu wa mwili. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo iitwayo pituitari. Tezi hii hupeleka homoni katika damu mpaka kwenye ovari, na homoni hizo ndizo zinazokomaza yai na kulifanya litoke kila mwezi. Ovari nayo hutoa estrojeni na projesteroni, ambazo huirudia tezi na kuipunguzia kazi. Kielelezo kinachofaa ni tangi la maji lenye boya: maji yakijaa boya hupanda na kuyazuia yasiingie zaidi. Kidonge huweka ndani ya damu kiasi cha homoni kinachotosha kulipandisha boya hilo. Pituitari hutulia, yai halikomai wala halitoki. Zaidi ya hayo, ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, hata mbegu za mwanamume hupita kwa shida.

Wapo wanaofundisha kwamba kidonge huudanganya mwili ujione una mimba. Usemi huu ni mwepesi kushikika, lakini sisi hatuupendi. Mama mmoja aliyeelezwa hivyo na mwanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha alirudi nyumbani akiamini kwamba ndani yake kila mwezi kuna kiumbe kinachoanza na kufa. Kielelezo kikizaa hofu ambayo haikuwapo, kitupwe.

Kiazi kikuu na fedha za mwanamke mmoja

Kujua kazi ya projesteroni kulikuwa jambo moja, na kuipata kulikuwa jambo jingine. Hapo mwanzo ilikamuliwa kutoka katika viungo vya wanyama, na kwa hiyo ilikuwa haba na ghali mno. Mkemia wa Kimarekani, Russell Marker, aligundua kwamba inaweza kutengenezwa kwa kugeuza kemikali iliyomo katika viazi vikuu vya mwitu vya Meksiko. Hapa wanachuo huamka, maana kiazi kikuu wanakijua. Basi waelezwe mara moja kwamba kula viazi vikuu hakuzuii mimba, kwa kuwa mwili hauwezi kufanya ugeuzaji huo uliofanywa maabara. Mwaka 1944 Marker alishiriki kuanzisha kampuni ya Syntex katika jiji la Mexico. Katika kampuni hiyo, Oktoba 1951, kijana wa miaka 26 aitwaye Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, alitengeneza norethisteroni, dawa inayofanya kazi kama projesteroni lakini ambayo inaweza kumezwa bila kupoteza nguvu yake.

Huko Marekani, watu wengine walikuwa wakilitafuta jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Margaret Sanger alikuwa muuguzi. Mama yake alizaa watoto 11 akafa kabla ya uzee. Mwaka 1916 Sanger alifungua kliniki ya uzazi wa mpango katika mtaa wa Brooklyn, New York, na baada ya siku chache polisi wakaifunga na kumkamata. Hakuna haja ya kumfanya mtakatifu mbele ya darasa, kwani alishirikiana pia na watu waliotaka baadhi ya binadamu wazuiwe kuzaa kwa kuwa waliwaona duni, na mwanachuo anayesoma zaidi atalikuta jambo hilo. Afadhali alisikie kwetu. Mwaka 1951 Sanger alimwendea mtaalamu wa uzazi wa wanyama, Gregory Pincus, wa kituo cha utafiti cha Worcester katika jimbo la Massachusetts. Fedha zilitoka kwa rafiki yake Katharine McCormick, mjane tajiri aliyekuwa amesomea biolojia na kuhitimu mwaka 1904, wakati ambapo wanawake wenye shahada za sayansi walikuwa wachache sana. Serikali haikutoa kitu. Mwenzake Pincus, Min Chueh Chang, alijaribu kemikali nyingi kwa sungura na panya, na daktari John Rock, Mkatoliki mwenye ibada, akakubali kuzijaribu kwa wanawake wapatao 50.

Sehemu hii isichukue zaidi ya dakika 15. Majina ni mengi na wanachuo hupenda kuyanakili yote. Wazuieni, kwani sehemu inayofuata ndiyo yenye mafunzo.

Wanawake wa Río Piedras

Sheria ya Massachusetts wakati huo ilikataza utoaji wa njia za kuzuia mimba, hivyo jaribio kubwa halikuweza kufanyika pale. Pincus na Rock wakaenda Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi kilicho chini ya Marekani, ambako njia hizo zilikuwa zimeruhusiwa tangu 1937 na kliniki zilikuwapo tayari. Jaribio lilianza Aprili 1956 katika nyumba za watu wa kipato kidogo huko Río Piedras, chini ya usimamizi wa daktari mwanamke, Edris Rice-Wray. Wanawake walielezwa kwamba dawa hii huzuia mimba. Hawakuelezwa kwamba wao ndio wanaojaribiwa.

Kidonge chenyewe kilifanya kazi. Waliokimeza kila siku kama walivyoagizwa hawakushika mimba. Lakini katika ripoti yake Dk. Rice-Wray aliandika kwamba wanawake 17 katika kila 100 walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika, kuumwa kichwa au kuumwa tumbo, na akasema wazi kwamba kidonge chenye kipimo hicho kina madhara mengi mno kuweza kukubalika. Pincus na Rock hawakulipa uzito neno hilo. Pincus aliona kwamba sehemu kubwa ya malalamiko ilitokana na mawazo ya wanawake wenyewe. Mwaka 1957 kidonge hicho, kwa jina la Enovid, kiliruhusiwa Marekani kwa matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 kikaruhusiwa kwa kuzuia mimba.

Mkifika hapa, acheni kueleza na wapeni wanachuo hesabu. Kidonge cha kwanza kilikuwa na miligramu 9.85 za dawa iliyo mfano wa projesteroni, na miligramu 0.15 za mestranoli, ambayo ni aina ya estrojeni. (Mestranoli hiyo iliingia mwanzoni kama uchafu wa kiwandani. Ilipoondolewa, wanawake wakatokwa damu katikati ya mwezi, ndipo ikarudishwa kwa makusudi.) Vilimezwa vidonge 20 kwa mwezi. Kidonge kimojawapo kinachotumika sana siku hizi, na ambacho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kina mikrogramu 150 za levonorgestreli na mikrogramu 30 za ethinilestradio, nacho humezwa vidonge 21. Wanachuo wageuze vipimo vyote viwe miligramu, watafute jumla ya mwezi mmoja, kisha walinganishe. Watapata miligramu 200 kwa kidonge cha zamani na miligramu 3.78 kwa cha sasa, yaani zaidi ya mara 50. Estrojeni peke yake imeshuka kutoka mikrogramu 150 hadi 30. Mwalimu mwangalifu ataongeza kwamba dawa hizi si zile zile, na kwamba levonorgestreli ina nguvu zaidi kwa uzito ule ule, hivyo ulinganisho huu si kamili. Hata hivyo mteremko ni wa kweli, na mwanachuo aliyeukokotoa kwa mkono wake hausahau.

Kisha aulizwe: kipimo kilishuka kwa nini? Wengi watajibu kwamba wataalamu waligundua njia bora zaidi. Jibu hilo linaruka jambo kubwa. Mwaka 1961 daktari wa Uingereza alitoa taarifa ya muuguzi aliyepatwa na bonge la damu katika mapafu alipokuwa akitumia Enovid. Taarifa nyingine zikafuata. Kwa miaka kadhaa ilisemekana kwamba ni sadfa, kwani wanawake wasiotumia vidonge nao hupatwa na ugonjwa huo. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na njia pekee ya kuijibu ilikuwa kuhesabu: kuwachukua wanawake waliougua na wasiougua, na kuona ni wangapi katika kila kundi waliokuwa wakimeza vidonge. Kazi hiyo ilifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1968, ikaonyesha kwamba uhusiano upo. Mwaka uliofuata kamati ya usalama wa dawa ya huko ilishauri kwamba estrojeni isizidi mikrogramu 50.

Huko Marekani mwandishi Barbara Seaman alitoa kitabu mwaka 1969 kilichokusanya malalamiko ya watumiaji na mashaka ya madaktari. Januari 1970 Seneta Gaylord Nelson akaitisha kikao cha kusikiliza ushahidi. Waliitwa madaktari na wataalamu. Mwanamke aliyewahi kukitumia kidonge hakuitwa hata mmoja. Kundi la akina dada wakiongozwa na Alice Wolfson walisimama ukumbini wakauliza kwa sauti kwa nini hawakuitwa. Mwaka huo huo ikaamriwa kwamba kila pakiti iwe na karatasi ya maelezo kwa mtumiaji. Karatasi ile iliyokunjwa mara nyingi, ambayo wengi huitupa bila kuisoma, ilitokea hapo. Leteni moja darasani.

Kupambanua maneno

Mkondo huu wa historia humpa mwalimu kitu cha kufanya na maneno anayoyasikia mitaani. Mwalimu aliyefundishwa tu kwamba vidonge ni salama hudharau kila lalamiko, na hapo amesimama pale aliposimama Pincus. Mwalimu aliyefundishwa tu kwamba vina madhara hueneza kila uvumi. Zoezi tulilolitumia ni hili: wanachuo huandika kwenye vipande vya karatasi yale waliyoyasikia kwao, bila kuandika majina yao, na vipande hivyo hukusanywa katika kisanduku. Halafu darasa linavipanga ubaoni kwa mafungu.

Katika fungu la yasiyo na msingi huingia lile la vidonge kurundikana tumboni mpaka kufanya uvimbe. Kidonge huyeyuka kama chakula, dawa hupita katika damu, ini huivunja, na mabaki hutoka katika haja. Huingia pia lile la kuwa mgumba daima; yai huanza kukomaa tena muda mfupi baada ya kuacha. Tunawasihi msilicheke neno la ugumba. Mwanamke asiyezaa hupata taabu kubwa katika jamii zetu, na hofu yake ina sababu hata kama kidonge si chanzo.

Katika fungu la ya kweli yasiyo ya hatari huwekwa kichefuchefu cha miezi ya kwanza, matiti kuuma, kuumwa kichwa kidogo na matone ya damu katikati ya mwezi. Haya mara nyingi hupungua, na yasipopungua mhudumu wa afya anaweza kubadilisha aina ya kidonge. Mama asiambiwe kwamba ni mawazo yake.

Fungu la tatu ni dogo na ndilo la kukaririwa: maumivu makali au uvimbe wa mguu mmoja, maumivu ya kifua au kukosa pumzi kwa ghafla, kichwa kuuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, kuona giza, au upande mmoja wa mwili kulegea. Mwenye dalili hizi aende hospitali mara moja. Kipimo cha hatari hii kielezwe kwa hesabu pia, ili isikuzwe wala kupunguzwa. Katika wanawake 10,000 wasiotumia kidonge na wasio na mimba, takriban 2 hupatwa na bonge la damu katika mwaka. Kwa watumiaji wa kidonge tulichokitaja ni 5 hadi 7. Mimba yenyewe, na hasa wiki za baada ya kujifungua, huleta hatari kubwa zaidi ya hiyo. Ndiyo maana vidonge vyenye estrojeni havipewi kila mtu. Mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye umri wa miaka 35 au zaidi anayevuta sigara, aliyewahi kupatwa na bonge la damu au kiharusi, na mama aliyejifungua karibuni, hao huchaguliwa njia nyingine. Anayenyonyesha anaweza kupewa vidonge vya aina ya projesteroni peke yake.

Lipo fungu la nne ambalo wanachuo hawaliweki mpaka wakumbushwe, nalo ni la manufaa. Vidonge hupunguza wingi wa damu ya hedhi na maumivu yake, na kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu hilo si jambo dogo. Pia hupunguza uwezekano wa kupata saratani ya ovari na ya mji wa mimba. Kwa upande mwingine havizuii Virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa, na hili lirudiwe mara mbili.

Punje 28

Kwa kufundisha matumizi hatuhitaji zana ya kununua. Chukueni punje 21 za mahindi meupe na 7 za maharagwe, mzipange kwa safu nne za saba saba juu ya karatasi yenye majina ya siku. Mahindi ni vidonge vyenye homoni. Maharagwe ni vile vya rangi nyingine ambavyo katika pakiti nyingi huwa na madini ya chuma tu, na wakati wa kuvimeza ndipo hedhi hutokea. Mwanachuo aondoe punje moja kwa kila siku inayotajwa. Kisha mkufunzi aseme: jana alisafiri akasahau. Afanye nini? Ameze kile alichosahau mara anapokumbuka, hata kama siku hiyo atameza viwili, na aendelee kama kawaida. Akiwa amesahau siku mbili au zaidi mfululizo, aendelee kumeza, atumie kondomu kwa siku 7, na apate ushauri wa kliniki. Zoezi hili linaeleza jambo ambalo watu hulishangaa: kwa anayemeza bila kukosa, chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 hushika mimba katika mwaka wa kwanza, lakini kwa matumizi ya kawaida ya binadamu wanaosahau ni kama 7.

Kwa hapa nchini sindano na vipandikizi sasa vinatumika zaidi kuliko vidonge, na mwanachuo asidhani kwamba kila swali litahusu vidonge. Tumevichagua kwa sababu historia yake iko wazi zaidi, na kwa sababu njia hizo nyingine nazo hutumia dawa za jamii hiyo hiyo.

Swali la mwisho lililotoka katika kisanduku chetu muhula uliopita lilihusu mama anayetibiwa kifua kikuu, ambaye alishika mimba huku anameza vidonge kila siku bila kukosa. Darasa lilikwisha kumhukumu kwamba alisahau. Rifampisini, dawa mojawapo ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje homoni za kidonge upesi kuliko kawaida, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya vivyo hivyo. Mwalimu anayeulizwa na mama kuhusu vidonge amshauri awataje mbele ya mhudumu wa kliniki dawa zote anazozimeza, akiweza azibebe na pakiti zake.